MANENO KWA KIJANA ANAYEANZA PIKIPIKI

(Hotuba ya mwanachama wetu wa gangi ya reli, aliyoitoa Mitunguu alipokuwa likizoni, mbele ya wafanya kazi na vijana)



Mimi ni mtu wa kugonga mataruma, si mwalimu. Lakini niliombwa niseme juu ya pikipiki, kwa kuwa wengi hapa wamenunua au wanataka kununua. Reli haifiki kwetu Meru. Mwisho wake ni Nanyuki. Kwa hiyo ndizi za Mitunguu, mgonjwa, mwalimu na mtoto wa shule, wote hubebwa na barabara. Tena tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo zisizofika sisi 250, kijana asiye na shamba ameona pikipiki ndiyo shamba lake. Simlaumu. Nataka tu ailime bila kuzikwa ndani yake.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mimi nilinunua pikipiki kwa mkopo wa ushirika. Siku ya kwanza rafiki alinionyesha klachi na gia, siku ya pili nikaenda sokoni, na siku ya nne nikambeba binamu yangu na mikungu miwili ya ndizi. Kwenye kona ya murram niliona mbuzi, nikakamata breki ya mbele kwa nguvu zote. Tairi likateleza, tukaanguka. Binamu alichubuka tu. Mimi nilivunjika mtulinga, nikakaa wiki sita bila kushika nyundo.

Kosa lilikuwa nini? Si mbuzi. Kosa ni kwamba nilijifunza kwenda, sikujifunza kusimama. Basi kijana, sikiliza.

Kwanza, usianzie barabarani. Nenda uwanja wa mpira asubuhi hakuna watu. Jifunze kuachia klachi polepole mpaka usikie pikipiki inataka kuvuta. Zunguka pole pole, maana kwenda pole ndiko kugumu. Kisha jifunze kusimama, mara ishirini, mara hamsini. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ikamuliwe kwa kuongeza kidogo kidogo, pamoja na ya nyuma. Juu ya changarawe au matope, ya mbele iguse kwa vidole tu. Na punguza mwendo kabla ya kuingia kona, si ndani yake.

Pili, tazama unakotaka kwenda. Ukikazia macho shimo, utaingia shimoni.

Tatu, mteremko. Ninyi mnajua barabara ya kutoka Nkubu kushuka huku. Wako vijana wanaozima injini na kuteremka bure ili kuokoa mafuta. Ndugu zangu, hiyo ni hesabu mbaya. Injini iliyo katika gia ndogo ni breki ya tatu. Ukiizima, breki mbili zilizobaki zinapata moto na kuchoka, na mzigo nyuma unakusukuma. Mafuta ya shilingi chache hayanunui mguu.

Nne, mwendo. Pikipiki ikienda kilometa 60 kwa saa, inakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukitazama simu sekunde mbili tu, umekwenda mita zaidi ya 30 kama kipofu. Na wewe utakayekwenda Nairobi au Nakuru kutafuta kazi, kumbuka njia panda za reli. Sisi wa reli tunajua kwamba treni haina usukani wa kukukwepa, na ile ya mizigo yaweza kuhitaji kilometa nzima au zaidi kusimama. Simama wewe.

Tano, sheria. Soma katika shule ya udereva, fanya mtihani, pata leseni. Daraja la A2 ni la kujiendeshea; anayebeba abiria hutakiwa A3, naye awe ametimiza miaka 21. Abiria ni mmoja, si watatu. Kofia mbili na koti za kung'aa mbili, yako na ya abiria. Kila asubuhi tazama upepo wa matairi, cheni, breki na taa. Sisi hatupitishi treni juu ya reli ambayo hatujaikagua. Wewe wapanda namna gani chombo usichokitazama?

Sasa nafika jambo linalohusu chama.

Nilipolala hospitali, kitanda cha jirani alikuwako kijana aliyevunjika mguu. Alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni alipaswa kutoa hesabu, mvua inyeshe isinyeshe. Aliniambia kwamba siku aliyoanguka ilikuwa saa moja ya usiku, hesabu haijatimia, akawa anakimbilia abiria mmoja zaidi. Kesho yake mwenye pikipiki alimpa mtu mwingine ufunguo. Mimi nililipwa mshahara wangu nyumbani, kwa sababu wazee wetu wa chama walipigania mapatano ya ugonjwa. Yeye hakulipwa hata senti. Mfupa ulikuwa mmoja, maumivu yalikuwa mamoja. Tofauti ilikuwa umoja.

Kwa hiyo, kijana unayekodi, usikubali kazi kwa maneno matupu. Patana kwa maandishi mbele ya shahidi: hesabu ni kiasi gani, nani hununua tairi, siku ya mapumziko ni ipi, na ukiugua itakuwaje. Uliza bima iko na ni ya namna gani, maana bima ya mtu wa tatu haikulipii wewe dereva uliyeanguka. Jiandikishe SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na ulipe mchango wako. Na katika steji yenu wekeni akiba kila siku, hata kidogo, yenye kitabu na mwandishi anayesomwa hesabu zake hadharani. Ajali haiulizi ni zamu ya nani.

Nanyi wenye pikipiki, ambao wengine ni wanachama wetu wa mshahara: tusiwafanyie vijana hawa yale tunayokataa kufanyiwa na wakubwa wa kazi. Hesabu ikizidi uwezo wa siku, tunamlipa kijana ili ajiue.

Pikipiki yangu ingali iko nje pale, mmeiona. Nilirudi uwanja wa mpira nikaanza upya, watoto wakinicheka. Afadhali kuchekwa na watoto kuliko kuliliwa nao. Mwenda pole hajikwai.

Umoja ni nguvu.