Injini ya Pikipiki ya Magurudumu Manne Ikichemka

Mazungumzo haya yanawahusu vijana wanaoendesha pikipiki za magurudumu manne, ziwe zinabeba watalii kwenye mchanga wa Diani na Watamu au zinavuta mitungi ya maji shambani, pamoja na mafundi wanaozitengeneza. Kazi hizo hufanywa kwa mwendo mdogo na gia nzito, upepo hautoshi kupoza injini, na joto hupanda haraka.

Taa ya joto ikiwaka, dereva asimame. Kama feni inazunguka na hakuna mvuke, aiache injini ingurume polepole dakika moja au mbili. Kama feni imekufa au mvuke unatoka, azime mara moja.

Kisha asiguse kifuniko cha rejeta. Hapa ndipo watu huumia. Kifuniko hicho hubana maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukikifungua, shinikizo linatoka na maji yanageuka mvuke papo hapo, usoni mwako. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka rejeta iguswe bila kuunguza. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe hospitali.

Injini ikipoa, anza na uchafu. Rejeta iko mbele na chini, hivyo hudaka matope, nyasi na mchanga. Ioshe kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari hupinda mapezi yake, na hapo umeongeza tatizo. Aliyepita ufuoni aoshe jioni hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kwa kuwa chumvi hula rejeta na viungio vya waya za feni.

Feni isipowaka injini ikipata moto, tazama fyuzi na waya kabla ya kununua feni mpya. Mara nyingi kosa ni la shilingi chache.

Maji nayo yana makosa yake. Visima vingi vya pwani vina chumvi; aliyewahi kuchungulia ndani ya birika ameuona ule ukoko mweupe. Ukoko huo huo huziba njia za maji ndani ya injini. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Na fundi anayeng'oa thamostati ili "injini ipoe" ameficha ugonjwa, hajautibu.

Pikipiki ndogo nyingine hazina rejeta. Hizo hupozwa na upepo na oili, basi safisha mapezi ya silinda na upime oili kila asubuhi.

Maji yakipungua bila kuvuja popote, oili ikawa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe ukaendelea hata injini ikiwa moto, huenda gasketi ya silinda hedi imekatika. Hapo pikipiki ibebwe kwa gari, isiendeshwe hata hadi gereji ya jirani.