Dawa ni bure, nauli je? Neno langu kwa vijana wa Tanga

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Tanga, Februari 15, Siku ya Kimataifa ya Saratani kwa Watoto. Wengi mliomba niiweke kwa maandishi. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)



Najua mmezoea kwamba mtu akishika maiki hapa anaongelea katiba mpya, tume ya uchaguzi au bandari. Leo naomba dakika chache niongelee watoto wenye kansa. Na kabla hujasema "hayo si mambo ya madaktari hayo?", nisikilize kwanza. Mimi nasoma sheria, sindano siijui. Lakini nimefuatilia suala hili na nimeona kwamba mtoto wa Tanga anaweza kuandikiwa dawa sahihi na bado akafa kwa sababu ya nauli, mahali pa kulala mama yake, na siku za kazi za baba yake. Mambo hayo matatu yanapangwa kwenye vikao vya bajeti na bungeni. Kwa hiyo ni yetu.

Tuanze na hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana kama 400,000, wa umri wa miaka 0 hadi 19, wanapata saratani kila mwaka duniani. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Kwenye nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Ugonjwa ni uleule, mtoto ni yuleyule. Mwaka 2018 shirika hilo likaweka lengo: ifikapo 2030, angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona. Hiyo 2030 si mbali, jamani.

Na msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 akapanda gari na wenzake wawili, wakazunguka hospitali hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila kituo: huu uvimbe mnauona? Ramani waliyoichora ilifuata joto na mvua. Ilikuwa ramani ya maeneo ya malaria. Visiwani Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, uvimbe huo ulionekana kwa nadra ukilinganisha na bara ng'ambo ya maji. Ng'ambo hiyo ni sisi. Ukanda wetu wa joto na mbu, kuanzia Mkinga hadi Pangani, ndio aina ya mahali alipokuwa anapaongelea.

Kansa hiyo ya Burkitt inakua haraka mno; uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Lakini pia ni kati ya kansa zinazoitikia dawa vizuri, na baadhi ya dawa zake ni za zamani. Ukiwahi, mtoto anarudi shule. Ukichelewa, basi tena.

Sasa niwape kisa cha nyumbani. Mtoto wa mama yangu mdogo, upande wa Pangani, alikuwa na miaka sita taya lilipovimba. Zahanati moja, sitaitaja, ikasema ni jino. Likang'olewa. Uvimbe ukaendelea. Wiki tatu zikapita ndipo ikatoka rufaa ya Dar.

Kule Muhimbili, sisi kama familia hatukudaiwa pesa ya dawa. Hili lazima niliseme, maana mpinzani asiyesema kizuri haaminiki hata akisema kibaya. Wodi ya saratani ya watoto ya Muhimbili, ikishirikiana na shirika la Tumaini la Maisha tangu 2011, inawatibu watoto bila kuwatoza wazazi. Madaktari na wauguzi wale wanafanya kazi kubwa.

Tatizo letu lilikuwa nje ya wodi. Kutoka hapa Tanga mjini hadi Dar ni kilomita kama 350. Ukisema uende KCMC Moshi, umbali ni karibu huohuo. Na dawa za kansa hazinywi mara moja zikaisha: unapewa mzunguko, unapumzika, unarudi. Sisi watu wa Tanga tunajisifu "waja leo, waondoka leo". Kansa haiendi hivyo. Mama mdogo anauza samaki wa kukaanga, mumewe ni mvuvi, nyumbani ana watoto wengine watatu. Baada ya mzunguko wa pili alirudi kuwaona wale watatu. Tarehe ya mzunguko wa tatu ikafika, nauli hakuna. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

Waliomwokoa ni kikoba cha wauza samaki wenzake. Walifungua sanduku, wakampa nauli na hela ya kula, wakamwambia nenda, marejesho tutaongea. Yule mtoto leo yuko darasa la nne. Lakini kuna mama mwingine alikuwa kitanda cha jirani, katoka mbali kuliko sisi, mwanawe ana uvimbe uleule. Alirudi kwao kutafuta nauli. Simu yake haikupatikana tena, na mtoto hakuonekana wodini.

Makamanda, kikoba cha wauza samaki kilifanya kazi ambayo ilipaswa kuwa na fungu kwenye bajeti. Hapo ndipo nikafungua vitabu vya sheria.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inasema mtoto ana haki ya matibabu. Vizuri. Lakini soma jukumu hilo limewekwa kwa nani: mzazi, mlezi, au mtu anayekaa na mtoto. Asiyekuwa na nauli ndiye anayedaiwa na sheria. Katiba nayo, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kusaidiwa wakati wa maradhi. Halafu ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Yaani haki umepewa, mlango wa kuidai umefungwa. Tukisema katiba mpya, wengine wanadhani tunataka vyeo. Mimi nataka na mlango huo ufunguliwe.

Njoo kwenye ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Siku 4, ndani ya mzunguko wa miezi 36! Matibabu ya kansa ya damu ya mtoto yanaweza kuchukua miaka miwili hadi mitatu. Baba anayefanya kazi kwenye shamba la mkonge au kiwandani afanyeje? Achague kibarua au mtoto?

Na bima? Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaambiwa wapitie shuleni au vifurushi vya familia. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kadi ikaja kurudishwa baadaye kwa utaratibu mpya. Lakini mtoto aliyeugua katikati ya hapo hakuweza kusubiri utaratibu. Na hata ukiwa na bima, bima hailipi basi la kutoka stendi ya Kange.

Sasa tufanye nini? Nina mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuzijue dalili na tuzipeleke vijiweni: uvimbe usioisha taya, shingo au tumbo, mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu, homa isiyo na sababu, mtoto kupauka, kuvuja damu au kupata michubuko ovyo, maumivu ya mifupa, kichwa kuuma pamoja na kutapika asubuhi. Ukiona hivyo, mwambie mzazi aende kituo cha afya, na asipoelewa majibu aulize rufaa. Siyo kila uvimbe ni kansa, ila kila uvimbe usioisha unataka daktari.

Pili, kwenye mikutano ya mtaa na kijiji, na kwenye baraza la madiwani ambako mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, tuhakikishe swali moja linaulizwa: fungu la nauli na chakula kwa mtoto mwenye rufaa ya saratani liko wapi? Mbane diwani wako, awe wa chama chochote.

Tatu, tudai kifungu cha 34 kibadilishwe, mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa mrefu apate likizo inayolingana na ugonjwa.

Nne, na hili nalisema kwa ukali: msiposti picha ya mtoto mgonjwa ili chama kipate laiki. Yule mtoto akipona atakuwa mtu mzima kama wewe. Mchangie mama yake kimyakimya, kelele tuzipeleke kwenye bajeti.

Kabla hatujatoka hapa, katibu anapitisha daftari. Andika kata yako na jina la diwani wako. Kikao kijacho kila mmoja aje na jibu alilopewa kuhusu nauli, hata kama jibu ni "hakuna". Hilo "hakuna" tutaliandika na tarehe yake.