Taa Inayozimika Bila Kuaga

Nilikuwa Ifakara, nikila wali kwa mama mmoja karibu na stendi. Saa mbili usiku taa yake ya sola, iliyokuwa iking'aa vizuri tu, ikazimika ghafla.

"Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, mwanangu," akaguna. "Betri ya zamani ilikuwa inafifia kwanza, unajua imechoka. Na fundi kaipima mchana, volti 13, kasema imejaa!"

Hakuibiwa. Betri ya zamani ni ya risasi na tindikali. Hii ni ya lithiamu, na upande wake chanya ni fosfati ya chuma, kitu alichokitangaza Profesa John Goodenough na wenzake wa Texas mwaka 1997.

Taa ikiwaka, lithiamu huhamia upande huo. Lakini haienei kama chumvi kwenye mchuzi, hujitenga. Tazama jaruba la bonde la Kilombero watu wakipandikiza mpunga: huku miche, huku tope tupu, na mpaka unasogea. Muda wote mpaka unaposogea, kila seli hubaki karibu volti 3.3, seli nne, volti 13. Jaruba likijaa, volti huporomoka. Basi mita ya fundi haikumwambia kama imebaki robo au robo tatu. Na mvua ilinyesha siku mbili mfululizo.

Goodenough huyo, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97, alianzia kwenye utafiti wa sumaku. Na sumaku haijaachwa: unga safi wa fosfati hiyo huvutwa kidogo mno. Ukivutwa kwa nguvu, mna vumbi la chuma, na chuma hicho huweza kuyeyuka ndani ya betri, kikahamia upande wa pili na kuleta shoti. Viwanda makini huupima kwanza.

Upande huo wa pili ni kinywe, madini yaliyojaa milima ya Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero.

"Sasa nitajuaje imebaki kiasi gani?" akauliza mama.

Nikamwambia kuna kifaa kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Asipokipata, ahesabu saa: siku ya jua kali, taa iliwaka mpaka saa ngapi? Akachukua kipande cha mkaa, akaandika ukutani.