NANI AWAANGALIE WENYE BIMA?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katibu ameniomba niseme juu ya bima, na naona wengine wamekwisha anza kupiga miayo. Lakini ngojeni kidogo. Kila mtu aliye hapa analipa bima, ajue asijue. Ukipanda matatu, ndani ya nauli yako mna bima ya gari. Ukikatwa kidole na mashine, fidia yako hutegemea bima ambayo sheria ya mwaka 2007 inamlazimisha tajiri kuiweka. Basi ni nani awaangaliaye wenye bima? Hapa Kenya yuko Kamishna, naye huteuliwa. Leo nataka kuwaeleza habari za mahali ambapo raia humpigia kura mtu huyo.

Marekani ina majimbo 50, na kwa sheria ya mwaka 1945 kazi ya kuangalia bima imeachiwa majimbo yenyewe. Katika majimbo mengi Kamishna huteuliwa. Katika majimbo 11 watu humchagua wenyewe, kama tunavyochagua Mbunge.

California zamani haikuwa hivyo. Bei ya bima ya motakaa ilikuwa ikipanda mwaka hata mwaka, na mtu wa mtaa wa maskini alitozwa zaidi kwa sababu ya mtaa wake, hata kama hajagonga kuku. Mwaka 1988 raia wakakusanya sahihi ili sheria yao iende moja kwa moja kwenye kura, bila kulingoja Baraza. Iliitwa Shauri namba 103. Wenye bima wakapeleka mashauri yao pia, wakatumia zaidi ya dola milioni 60. Siku ya kura yalikuwapo mashauri 5 ya bima. Manne yakaanguka. Namba 103 ikapita kwa kura 51 katika kila 100. Fedha hazikufua dafu siku ile.

Sheria ilisema hivi: bei ishushwe kwa asilimia 20, wala isipandishwe tena mpaka Kamishna akubali. Bei ya motakaa itazame kwanza jinsi mtu anavyoendesha, maili anazokwenda na miaka aliyoendesha, siyo mtaa anaolala. Na Kamishna achaguliwe na watu. Makampuni yakakimbilia korti. Mwaka 1989 Korti Kuu ya jimbo ikasema sheria ni halali, ila kampuni isinyimwe faida ya haki. Mwaka 1990 John Garamendi akachaguliwa, wa kwanza kwa kura. Hata hivyo kesi ya kurudisha fedha za watu iliendelea, na korti hiyo haikutoa hukumu mpaka 1994. Mfanyakazi anayejua kesi za fidia hatashangaa.

Sasa sikieni upande wa pili. Januari 1994 tetemeko la ardhi lilivunja nyumba nyingi huko Northridge. Watu wakalalamika kwamba makampuni yanawapunja fidia zao. Kamishna aliyefuata, Chuck Quackenbush, naye alichaguliwa kwa kura. Badala ya kuyatoza makampuni faini kubwa, alikubali yatie mamilioni ya dola katika mifuko ya hisani, na sehemu ya fedha hizo ikalipia matangazo ya televisheni yenye sura yake mwenyewe. Mwaka 2000 alijiuzulu. Kura, ndugu zangu, haikumzuia. Mtu akishachaguliwa hana budi kutazamwa, tena kwa macho mawili.

Kwa hiyo mimi, nikisikia mtu anataka kiti kama hicho, swali langu la kwanza ni hili: nani analipia kampeni yake? Katika jimbo la Kansas, mwaka 1994, Kathleen Sebelius aligombea akakataa kupokea hata senti moja ya wenye bima. Akashinda. Mwaka 2002 kampuni ya Anthem kutoka Indiana ilitaka kuinunua Blue Cross Blue Shield ya Kansas, iliyokuwa ikiwawekea watu wengi wa jimbo bima ya matibabu. Alipima hesabu, akaona wenye kulipa wangepandishiwa bei, akakataza. Makampuni yakamshtaki, na korti ya kwanza ikawapa haki. Lakini mwaka 2003 Korti Kuu ya Kansas ikasema Kamishna alikuwa na uwezo wa kukataza, na biashara ile ikafa hapo.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Mwenye swali na asimame.