Kuyachunguza Maandiko Pasipo Gharama



Watoto wetu waliozaliwa hapa Uingereza husoma Biblia kwa Kiingereza; wazee hawaiachi ile ya Kiswahili ya mwaka 1952. Mjadala ukizuka, kila upande hushikilia tafsiri yake. Basi tukutane penye lugha ya asili. STEP Bible, iliyotayarishwa na Tyndale House ya Cambridge, hutumika bure katika intaneti: ukilibonyeza neno la Kiingereza, hukuonyesha neno la Kiyunani lililo nyuma yake, na mahali pengine lilipotumika.

Tazameni Yohana 21:15-17. Kiswahili chatumia “kupenda” kote. Katika Kiyunani, Yesu auliza mara mbili kwa kitenzi agapao, mara ya tatu kwa phileo; Petro ajibu kwa phileo mara zote. Wahubiri wengi wamejenga hapo ngazi ya mapendo. (Nami huipenda hotuba hiyo.) Lakini Yohana 3:35 na 5:20 zote zasema kwamba Baba ampenda Mwana: ya kwanza kwa agapao, ya pili kwa phileo. Ngazi yatetereka.

Leo baada ya chakula, kijana mmoja ashike kompyuta na mzee Biblia yake, tuzifungue aya hizo pamoja.