Unapanda Skuta? Tuzungumze Kuhusu Mgongo Wako

(Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari)

Leo sikuja na mabango ya malaria wala ya minyoo. Leo nataka tuzungumze juu ya mgongo. Naona baadhi yenu mmeanza kucheka: "Huyu dada anatuletea maradhi ya wazee!" Subirini kidogo.

Hebu anyooshe mkono aliyewahi kupanda skuta, ile ambayo hapa Unguja wengi tunaiita vespa hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine. Mikono ni mingi! Haya, shusheni. Sasa anyooshe yule ambaye kiuno hakijawahi kumuuma baada ya safari ndefu. Mnaona? Imebaki michache. Na wewe unayesoma ukurasa huu peke yako, jijibu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuzunguka shuleni kutoa elimu ya afya, na usafiri wangu ni skuta. Kutoka Mjini hadi Nungwi au Makunduchi ni zaidi ya kilomita 50, na hiyo ni kwenda tu, bado kurudi. Mwaka wangu wa kwanza kazini kiuno kiliniuma miezi mitatu mfululizo. Ilifika hadi siwezi kufunga kamba za viatu nikiwa nimesimama.

Hapo nikafanya kosa ambalo sitaki ninyi mlifanye: sikumwambia mtu. Niliona aibu. Msichana wa miaka 24, tena mwelimishaji wa afya, anaumwa mgongo kama bibi! Nikawa napita dukani, nanunua vidonge vya maumivu, nameza, naondoka. Asubuhi viwili, jioni viwili. Mgongo ulinyamaza kidogo, lakini tumbo likaanza kuwaka moto.

Nilipokwenda hospitali hatimaye, daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ukikalia mwiba, utameza dawa au utainuka?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba dawa kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kiholela kwa muda mrefu, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Akanipima, akaona hakuna ugonjwa mkubwa. Misuli ilikuwa imechoka kwa sababu ya namna nilivyokuwa nikikaa. Akasema nitafute mwiba wangu.

KWA NINI SKUTA INACHOSHA MGONGO?

Uti wa mgongo si mti ulionyooka. Ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua na 5 za kiuno, kisha mifupa iliyoungana chini yake. Katikati ya pingili mna diski, mito midogo inayopunguza mishtuko. Ukimtazama mtu kwa ubavu, utaona kwamba pale kiunoni mgongo unaingia ndani kidogo. Mbonyeo huo ndio unaousaidia mgongo kubeba mwili bila taabu. Ukijikunja kama kamba anayechemshwa, mbonyeo unapotea, diski zinabanwa upande mmoja na misuli inavutwa muda wote.

Sasa tuje kwenye skuta. Vespa ya kwanza ilitoka Italia mwaka 1946, nayo ilibuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyekuwa akitengeneza ndege. Alitaka chombo ambacho mtu atakipanda hata akiwa na gauni au suti bila kuchafuka. Ndiyo maana mbele pako wazi na miguu inakaa juu ya ubao. Ni raha, lakini raha hiyo ina bei yake. Mwenye pikipiki ya kawaida anaweza kubana tangi kwa magoti, na akiona shimo anainuka kidogo kwa miguu. Wewe wa skuta umekaa kama uliye kwenye kiti cha jikoni. Huna cha kubana, na magurudumu yako ni madogo, yanazama shimoni zaidi. Mshtuko unapita kwenye kiti, unapanda moja kwa moja hadi kiunoni.

Hapo ndipo egemeo la mgongo linapoingia. Egemeo halifuti mashimo barabarani, lakini likiwekwa vizuri linailinda ile sehemu ya kiuno isijikunje unapochoka. Likiwekwa vibaya, bora usiwe nalo kabisa. Mimi ni shahidi.

EGEMEO LANGU LA KWANZA

Nilikwenda kwa fundi wa makochi nikamwambia nataka egemeo kubwa, laini, refu hadi mabegani. Akanitengenezea moja jekundu, zuri ajabu. Kila mtu akalisifu. Lakini lilikuwa laini mno, nikiliegemea nazama na mgongo unajikunja vile vile. Tena lilikuwa mbali, nikawa nalala nyuma ili nilifikie huku mikono imenyooka kama fimbo.

Siku moja nilitaka kukata kulia. Nikageuza kichwa na bega nitazame nyuma, bega likagonga egemeo, sikuona vizuri. Nikaanza kuingia. Kumbe kuna gari linanipita! Honi ilipiga, nikarudi kushoto, nikasimama pembeni natetemeka. Kitu nilichokiweka kwa ajili ya afya yangu nusura kinitoe roho.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee mmoja, fundi wa pikipiki. Akalitazama lile jekundu, akacheka taratibu. "Mwanangu, wewe umeupeleka mgongo kwenye egemeo. Egemeo ndilo lije kwenye mgongo." Maneno hayo nimeyashika, na leo nawapa ninyi. Hatua alizonionyesha ni hizi.

KWANZA: KAA. Simamisha skuta kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare, injini imezimwa. Kaa wima, makalio yote mawili kitini, miguu yote miwili juu ya ubao, mikono kwenye usukani na viwiko vimekunjwa kidogo. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Kama mkono mmoja unakuvuta mbele, umekaa nyuma mno, sogea. Ukipata mahali pako, usihame. Egemeo litakufuata hapo.

PILI: TAFUTA KIMO. Weka mikono kiunoni, uguse ncha za juu za mifupa ya nyonga. Nyuma, juu kidogo ya usawa huo, ndipo palipo na mbonyeo. Fundi alinipa chaki, akaniambia nimwite mwenzangu anitie alama kwenye shati. Katikati ya egemeo pakae kwenye alama hiyo. Ukingo wa juu uishie chini ya mifupa ya mabega, ili uweze kugeuka na kutazama nyuma bila kizuizi. Upana wake pia usizidi wa mgongo, viwiko vipite kwa uhuru.

TATU: PIMA UMBALI. Ukikaa wima, egemeo likuguse bila kukusukuma. Mwenzako akipitisha kiganja kati ya mgongo wako na egemeo, kipite kwa shida kidogo. Likikusukuma tumbo kuelekea usukani, liko karibu mno. Ukilazimika kulala ili ulifikie, liko mbali. Lilale nyuma kidogo tu, lisisimame wima kama ukuta wala lisilale kama kiti cha ufukweni.

NNE: CHAGUA SPONJI. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu. Sponji nzuri inabonyea, inarudi, na kidole hakigusi ubao wa ndani. Sponji ya godoro kuukuu inalala siku chache tu, usiitumie hata ukipewa bure. Mshono usipite pale panapogusa uti wa mgongo.

TANO: FUNGA KWA BOLITI, USICHOMELEE KWENYE BODI. Langu sasa limeshikwa na vyuma viwili vyenye matundu, vilivyofungwa kwenye keria. Nikitaka kulisogeza nafungua boliti mbili kwa spana, nabadili tundu, nakaza. Usikubali mtu achomelee kitu kwenye bodi ya skuta. Katika skuta nyingi tangi la petroli liko chini ya kiti, na cheche moja inatosha kuleta msiba. Chuma chochote kichomelewe kikiwa kimetolewa, mbali na chombo. Kabla hujaondoka, hakikisha kiti bado kinafunguka ili uweze kutia mafuta, na kwamba hakuna ncha ya chuma inayotokeza.

SITA: JARIBU. Siku ya kwanza nenda dakika 10 tu, njia tulivu. Siku ya pili nusu saa. Ukisikia kero, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, tena kwa upana wa kidole. Ukibadilisha kimo, umbali na mlalo kwa pamoja, hutajua kipi kimekusaidia. Baada ya wiki kaza boliti zote tena, maana mtikisiko huzilegeza.

NA WEWE ABIRIA JE?

Najua wengi wenu bado hamna leseni, kwa hiyo msiendeshe. Ninyi mnabebwa na baba, kaka au mjomba. Basi haya yanawahusu zaidi.

Egemeo la abiria si la kulalia. Uzito ukimwagwa wote nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unapoteza utii. Kaa karibu na dereva, miguu kwenye vikanyagio, na mshike. Egemeo ni la kukuzuia usirudi nyuma chombo kinapoondoka, lakini halichukui nafasi ya mikono yako. Begi la madaftari lisining'inie kwenye egemeo. Na kamwe usijifunge kwa kamba, kanga wala mkanda kwenye egemeo. Chombo kikianguka, unatakiwa utengane nacho.

Dada zangu, tuseme ukweli. Wengi wetu tunakaa upande kwa sababu ya sketi au baibui. Ukikaa upande, egemeo halina kazi, linakuchoma ubavuni, kiuno kinapinda njia nzima na ni rahisi kuteleza. Vaa suruali pana chini ya sare, ukae ukitazama mbele, kisha ukusanye nguo zako vizuri zisiingie kwenye gurudumu. Heshima yako itabaki pale pale. Na kofia ngumu ni ya wote wawili, si ya dereva peke yake.

EGEMEO SI DAKTARI

Kabla ya kulaumu kiti, tazama upepo wa matairi na shokapu za nyuma. Tairi lililojazwa kupita kiasi na shokapu iliyokufa hupeleka kila shimo kiunoni mwako. Kila baada ya saa moja hivi ya safari, shuka. Tembea kidogo, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma taratibu mara tano. Mgongo unapenda kutembea kuliko unavyopenda kiti chochote, hata kiwe kizuri namna gani.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji fundi. Maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti na hayapoi. Mguu kufa ganzi au kukosa nguvu. Maumivu yanayokuamsha usiku, au yenye homa, au yaliyoanza baada ya kuanguka. Hayo yakueleke kituo cha afya. Na ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au ukipata ganzi katikati ya mapaja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na usione aibu. Mimi niliona aibu miezi mitatu, nikalipa kwa tumbo langu na nusura nilipe kwa maisha. Nilikuwa tayari kumwambia mkuu wangu kwamba shule za shamba siziwezi tena, nipangiwe za mjini tu. Leo nimetoka Mjini asubuhi, nimefika hapa kwenu, na hakuna aliyeniona nikijishika kiuno.

Haya, kazi ya nyumbani. Jioni ya leo, chombo cha nyumbani kikiwa kimesimama, mwombe baba au kaka akae juu yake kama anavyokaa safarini, wewe umtazame kwa ubavu. Je, mgongo una mbonyeo wake, au umejikunja? Mwambie kwa adabu ulichokiona. Huenda naye amekuwa akimeza vidonge kimya kimya.

Sasa simameni wote, mikono kiunoni, tujipinde nyuma mara tano kabla kengele haijalia!