Mgeni wa Jirani na Bomba la Pamoja

(Mhadhara uliotolewa baina ya Magharibi na Isha katika msikiti mmoja wa Mwanza mjini)

Himidi zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, usiku huu hatutazungumzia kadhia kubwa za Umma. Tutazungumzia bomba moja la maji, ndoo, na mgeni aliyekuja kwa jirani. Huenda baadhi yenu mkaona kwamba haya ni maneno ya uani, si ya msikitini. Nasi tuliyaona hivyo, mpaka siku tulipoitwa kumuosha maiti katika nyumba moja ya kupanga huku mlimani, tukakuta koki ya uani imefungwa kufuli.

Nyumba yenyewe hatutaitaja. Ina vyumba saba, mita moja, na bili inayogawanywa kwa vyumba. Mpangaji mmoja alipokea mzee wake kutoka Ukerewe, aliyekuja kutibiwa Bugando, akiwa pamoja na watu wawili wa kumuuguza. Wiki ya kwanza majirani waliingia kumjulia hali. Wiki ya tatu wakaanza kuhesabu ndoo. Nguo za mgonjwa hufuliwa kila siku, nanyi mnajua mgonjwa wa kitandani anavyotumia maji. Bili ilipokuja, watu walisemeshana maneno mazito, na kesho yake kufuli likawekwa, funguo ukashikwa na mama mmoja, koki ikawa inafunguliwa asubuhi na jioni tu. Mzee aliporudishwa nyumbani na kufariki dunia, ilikuwa saa sita mchana. Mwenye funguo alikuwa sokoni Kirumba. Tulibeba madumu kutoka kwenye tanki la msikiti, tukapandisha mawe yale mnayoyajua, tukamuosha marehemu kwa maji ya wakfu, hali ya kuwa bomba liko hatua sita kutoka mlangoni pake. Na kutoka pale uani Ziwa linaonekana lote.

Tumelitaja Ziwa kwa makusudi. Allah (s.w.) ametujaalia tuishi kando ya Ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, la pili duniani kwa ukubwa wa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Lakini maji hayapandi mlima yenyewe. Husukumwa kwa mashine kutoka Kapripointi hadi kwenye matanki, na huko chini Butimba pia kimejengwa chanzo kipya ili kuongeza kiasi. Kisha kila lita inayofika kwenye koki yako imelipiwa umeme, dawa na bomba. Basi asije mtu akasema maji ni ya Mungu, kwa nini tugombane? Maneno hayo ni ya kweli mahali pake, na mahali pake ni ziwani.

Mafakihi wetu, Allah awarehemu, wameyagawa maji. Kuna maji ya mito na maziwa, nayo watu wote ni washirika humo, wala hapana awezaye kumzuia mwenziwe. Kuna maji ya kisima alichochimba mtu. Huyo ana haki ya kutangulia, lakini ziada yake hana ruhusa kumnyima mwenye kiu wala mnyama wake. Na kuna maji yaliyokwisha kutekwa na kuhifadhiwa katika chombo. Hayo ni mali kama mali nyingine, huuzwa na kununuliwa. Maji ya bomba lenye mita tunayaweka katika fungu hili la tatu. Na yakiwa yamelipiwa na vyumba saba, basi ni mali ya shirika, na mshirika haruhusiwi kutoa fungu la mwenzake bila ya idhini yake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wetu hatulitazami. Kumkirimu mgeni ni katika imani. Hilo halina mjadala. Lakini ukarimu hutoka katika mali yako. Anayemkirimu mgeni wake kwa maji ya jirani, kisha akasifiwa na jamaa zake kwamba ni mtu mwema, ajiulize sifa ile ni ya nani. Yule kijana muuza samaki katika nyumba ile alituambia kwamba alilipia maji ya watu ambao hata majina yao hakuwahi kutajiwa. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Wala msidhani kwamba sheria imemwacha mgeni bila mipaka. Katika hadithi ya Abu Shurayh (r.a.), aliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameweka ukarimu wa mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, kisha akamkataza mgeni asikae mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Tazameni hekima hii: kama mgeni hana haki ya kumdhiki mwenyeji wake aliyemfungulia mlango, vipi atakuwa na haki ya kumdhiki jirani ambaye hakumwalika?

Lakini, enyi wenye kufuli, nanyi subirini kidogo. Mtume (s.a.w.) amemtaja miongoni mwa watu watatu ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama mtu aliye na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Na ninyi mnaijua hali ya mji huu. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima. Watu huletwa kutoka Kagera, Geita, Mara, Simiyu na visiwani, na wengi hawana pa kulala isipokuwa kwa ndugu aliyepanga chumba kimoja. Mgeni wa Mwanza mara nyingi hakuja kutembea. Leo amekuja kwa jirani yako. Mwakani mama yako ataletwa kwa gari kutoka kijijini, na utamlaza wapi? Mwenye mgonjwa ukimhesabia ndoo mbele ya mgonjwa wake, umekwisha kumpiga.

Jambo la zamu si geni. Kaumu ya Thamud waliamrishwa wagawane maji na ngamia wa Nabii Swaleh (a.s.), siku yake na siku yao, rejeeni Suratul-Qamar na Suratush-Shu'araa. Kwa hiyo kupanga saa za kufungua koki si dhulma, iwapo wote wamekubaliana. Dhulma ni zamu iliyowekwa kwa hasira ili kumkomoa mmoja.

Mkitaka namna ya kusuluhisha, ichukueni kutoka kisa cha Zubayr bin Awwam (r.a.) na jirani yake Mwansari, waliogombea mfereji wa maji huko Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, hivyo haki ya kutangulia ni yake. Mtume (s.a.w.) kwanza alimtaka Zubayr amwagilie, kisha amwachie jirani yake maji, yaani alimtaka mwenye haki ashuke kidogo. Yule jirani akatamka neno baya, kwamba amependelewa kwa kuwa ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Hapo ndipo Zubayr akaamrishwa ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, achukue haki yake kamili. Masheikh wetu waliotusomesha walikuwa wakisisitiza mpangilio huu: sulhu kwanza, na anayeikataa sulhu asilalamike haki ikisimama.

Tulikaa na wapangaji wale siku ya tatu baada ya mazishi. Tuliyowashauri ni haya, nasi tunayaleta kwenu kama rai, anayeona bora zaidi atuambie. Bili igawanywe kwa vichwa, si kwa vyumba, kwani mjane anayeishi peke yake halipi sawa na baba mwenye watoto watano ila kwa kuonewa. Mgeni akija, mwenyeji awaambie wenzake siku hiyo hiyo. Siku tatu za mwanzo awe mgeni wa nyumba nzima na asihesabiwe. Kuanzia siku ya nne ahesabiwe kichwa, na mwenyeji amlipie. Tuchukulie bili ni shilingi 42,000 na vichwa ni 18 kwa mwezi mzima. Wakiongezeka wageni watatu wanakuwa 21, na kila kichwa ni shilingi 2,000. Mwenyeji ataongeza shilingi 6,000. Ndugu zetu, ni kwa fedha kama hizo watu wanaoswali safu moja wameacha kusalimiana! Na mwenyeji akiwa hana, aseme hana, na wenzake wamchangie kwa kujua, si kwa kuchukuliwa kimyakimya.

Mwenyeji yule alipopewa nafasi, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema angelilipa tangu mwanzo, lakini dawa zilikuwa zimemmaliza na aliona haya kusema. Mama mwenye funguo alilia, akaomba radhi. Hakujibiwa siku ile.

Tugusie pia matumizi, kwa ufupi. Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudd tano. Mudd haifiki lita moja. Pishi haizidi lita tatu kwa kipimo cha wengi. Ndoo yetu ya lita 20 ingemtosha zaidi ya mara sita. Mgeni afahamishwe hili kwa upole siku anapofika, wala asiachiwe koki wazi kisha akasengenywa jikoni.

Na ninyi wenye nyumba, mnaokusanya kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mita ya pili si gharama ya kuwashinda. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akakifanya wakfu, na ndoo yake humo ikawa sawa na ndoo ya Mwislamu yeyote. Ninyi hamkuombwa kisima.

Wale wenye mgogoro wa namna hii katika nyumba zao watuone hapa Alhamisi baada ya Isha, waje pande zote mbili, na waje na bili zao. Maji ya tanki la msikiti yako wazi kwa wenye msiba na wenye wagonjwa usiku na mchana. Muadhini ameagizwa asimuulize mtu anatoka nyumba gani.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.